Mawe ya Mwanza hayakupandana, udongo ndo ulishuka

Mgeni akifika Mwanza kwa mara ya kwanza swali lake ni lile lile, haya mawe nani aliyapanga? Na sisi wenyeji kila mtu ana jibu lake mfukoni. Kuna wanaosema yalirushwa na volkano, kuna wanaosema zamani Ziwa Victoria lilikuwa juu huko ndo likayasugua mpaka yakawa mviringo halafu maji yakarudi chini, wengine wanakupeleka moja kwa moja kwenye gharika ya Nuhu, na wapo wa majitu ya kale, yani kuna mtu mwenye mabavu alikuwa anabeba jiwe la tani mia anaweka juu ya jingine kisa tu alikuwa na nafasi.

Ukiyasikiliza vizuri hayo majibu mengi yana kosa moja, yanaamini mawe yaliletwa, kwamba yalikuwa sehemu nyingine yakaja kukaa pale. Hapana. Mawe ya Mwanza hayajatoka popote, yako palepale yalipozaliwa, kilichoondoka ni udongo uliokuwa umeyafunika na kuyazunguka. Jiwe halikupanda juu ya mwenzake, udongo uliokuwa katikati na pembeni yao ndo ulishuka. Ukilishika hilo moja basi mambo mengi ya ukanda huu yanaanza kueleweka, mpaka kwa nini mpunga unalimwa bondeni na kwa nini kuna samaki wa visiwa fulani hawana rangi ya kueleweka.

Tuanze na volkano maana hii ndo ina mashabiki wengi. Ni kweli graniti, ndo mwamba wa mawe haya, ilianza kama uji wa moto, ila ule uji haukuwahi kutoka nje, uliganda hukohuko chini kilomita kadhaa, taratibu mno, na ushahidi unaweza kuushika mkononi. We chukua kipande kilichopasuliwa leo, siyo kile cha juu chenye ukoga wa miaka, kigeuzegeuze juani uangalie pale kilipovunjikia. Utaona chembe kwa macho yako bila hata miwani: nyeupe au za pinki hivi zenye ubapa unaong'aa, hizo ni felspa, za kijivu zinazopitisha mwanga kidogo, hizo ni kwatzi, na vidoadoa vyeusi vinavyometameta, mara nyingi huo ni ulanga. Chembe kubwa hivyo zinahitaji muda mrefu wa kupoa ndo zikue. Uji unaomwagika nje ya mlima unapoa haraka, chembe hazipati nafasi, ndo maana mawe mengi ya volkano ya kule Arusha na Moshi ukiyavunja unakuta weusi mmoja tu wa chembe ndogondogo. Kwahiyo volkano tuitoe.

Ziwa nalo tulitoe. Panda gari nenda Misungwi, Kwimba, Magu, shuka mpaka Shinyanga, mawe ya namna hii unayakuta porini huko ambako wimbi halijawahi kufika. Upande wa Kenya karibu na Kisumu kuna Kit Mikayi, lundo la mawe limesimama wima watu wanaenda kusali na kupiga picha, na Zimbabwe pale Epworth nje ya Harare kuna mawe yamepandana vizuri mpaka yakachorwa kwenye noti zao. Zimbabwe haina ziwa la kuyasugua mawe yale. Halafu umri haukubali kabisa. Graniti za huku zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, wakati ziwa lenyewe lina kama miaka 400,000 tu, lilijitengeneza baada ya ardhi ya upande wa magharibi kuinuka na kuzuia mito iliyokuwa inaelekea huko, kina Kagera, maji yakarudi nyuma yakajaa kwenye bonde la katikati. Na hata hapo halikukaa muda wote, kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka, watafiti wameona hilo kwenye tope walilolichimba chini ya ziwa. Yani kuna kipindi lile jiwe la Kamanga ambalo Wajerumani walilipachika jina la kansela wao Bismarck lilikuwa nchi kavu, unalizunguka kwa miguu. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapa Agosti 1858 akaitangazia dunia habari za ziwa, mawe alikuta yako vilevile na watu wameshajenga kati yake siku nyingi.

Sasa kazi yenyewe ilifanyikaje. Ule mwamba ulioganda chini ulikuwa umebebeshwa uzito wa kilomita za mwamba mwingine juu yake. Miaka mamilioni kwa mamilioni ile ya juu ikaliwa na mvua na upepo, uzito ukapungua, na mwamba uliokuwa umebanwa ukiachiwa unatanuka kidogo, ukitanuka unapasuka. Jumlisha na nyufa zilizotokana na kupoa na kusukumwa na dunia, unapata mwamba uliokatwakatwa wima na ulalo, mapande kwa mapande, lakini bado yamegusana na bado yako chini ya ardhi, hakuna anayeyaona.

Halafu inakuja mvua. Maji ya mvua yakipita kwenye hewa na kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza yanabeba asidi kidogo, kidogo sana, we unayanywa hata huisikii, lakini felspa inaisikia. Maji yanaingia kwenye ufa, felspa inaoza taratibu inageuka udongo wa mfinyanzi, na ikishaoza kwatzi inakosa cha kuishikilia, inabaki mchanga. Ndo hapo swali la kwa nini mawe ni mviringo linajibika. Pande la mwamba lina kona, kona inashambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo unashambuliwa kutoka pande mbili, uso uliolala unashambuliwa upande mmoja tu, kwahiyo kona ndo za kwanza kuisha, sawa na mche wa sabuni ambao haujawahi kuwa mviringo dukani ila ukikaa bafuni wiki moja kona zote zimekwenda. Mwisho wake unabaki moyo wa jiwe mgumu, mviringo, umezungukwa na mwamba uliooza pande zote. Na yote haya yametokea chini ya ardhi, gizani, hakuna wimbi wala mto uliohusika.

Wanaobisha hapa nawaambia waende sehemu yoyote walipokata kilima kupitisha barabara, au wanapochimba changarawe. Kwenye ule ukuta uliokatwa utaliona jiwe la mviringo bado limelala ndani ya kitanda chake halijatoka, limezungukwa na maganda maganda ya mwamba laini. Ukiusogelea ule mwamba laini unaona bado una sura ya graniti kabisa, doa jeupe lipo, doa jeusi lipo, kila chembe imekaa mahali pake, ila ukiubinya kwa vidole unamong'onyoka unabaki na mchanga na unga mweupe kiganjani. Hilo ni jiwe la Mwanza ambalo bado halijazaliwa. Mvua ikiwa na subira nalo litakuja kusimama juani watu walipigie picha.

Kilichobaki hapo ni kuusafisha uchafu. Hali ya hewa ikibadilika, mimea ikipungua, au ardhi ikiinuka kidogo mito ikapata mteremko, ule udongo laini unazolewa unapelekwa chini na mioyo ya mawe inabaki wazi. Kwa kuwa pande la juu lilikuwa tangu mwanzo limelala juu ya pande la chini, wakivuliwa udongo unawakuta wamepandana, wengine wametulia, wengine wamebaki wameshikana kwa eneo dogo mno mpaka unaogopa kupita chini. Yale mawe yanayotikisika kama lile maarufu la kisiwa cha Ukara ambalo watu wanavuka maji kwenda kuliona likicheza, mengi duniani ni ya kundi hili, tumbo la jiwe la juu limeliwa mpaka linagusa sehemu ndogo tu. Wenyeji wana maelezo yao kuhusu jiwe lao na mimi siwezi kuingilia hayo, naongelea tumbo la jiwe tu.

Na kwa nini hapa kuna kilima cha mawe halafu kilomita mbili mbele ni tambarare? Nyufa tena. Pale nyufa zilipokuwa zimesongamana maji yaliingia kila mahali, mwamba wote ukaoza ukabebwa, pakawa bonde. Pale nyufa zilipokuwa mbalimbali mapande yakabaki makubwa, yakagoma kuisha, ndo Bugando, ndo Isamilo na vilima vingine vyote mnavyoviona nyumba zimevipanda mpaka kileleni.

Udongo ulioondoka ulienda wapi? Haukwenda mbali sana, na mkulima wa Kisukuma anajua ulipo kuliko mtu yeyote. Ukishuka kutoka kwenye mawe unaanza kukanyaga luseni, mchanga mchanga mwepesi, hiyo ndo kwatzi ya graniti iliyobaki karibu na nyumbani kwa sababu ni nzito na haiozi, hapo ndo kwa viazi vitamu, mihogo na karanga, na bila hiyo luseni sidhani kama kungekuwa na michembe na matobolwa, yani viazi vitamu vya kukaushwa, ya kuongelea. Ukiendelea kushuka unakuta itogolo, ardhi ngumu inayokauka mpaka jembe linaruka, ila ikizungushiwa tuta inashika maji vizuri, na wakulima wengi wameigeuza majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unakung'ang'ania kiatu mpaka unakiacha. Mfinyanzi ni mwepesi kubebwa na maji kwahiyo ulisafiri mpaka chini, na kule chini pia unajitengeneza wenyewe kwa madini yaliyoyeyuka juu yakateremka na maji. Kilima kimoja, udongo tofauti, umepangwa kwa ngazi kutoka juu mpaka bondeni. Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani kule Tanga miaka ya 1930, ndo aliiandikia dunia jambo hili kutokana na udongo wa Afrika Mashariki, na mpangilio wa Ukiriguru pale Misungwi, kwenye kituo cha utafiti wa pamba, ni mfano unaojulikana sana. Sifa apewe, ila majina ya ngazi zenyewe wakulima walikuwa nayo tayari na walikuwa wanajua kila ngazi inapandwa nini.

Turudi kwenye jiwe, maana watu hawakukaa tu kuliangalia. Kabla ya mashine za kusaga, nafaka yote ya ukanda huu, mtama, uwele, ulezi, ilipita juu ya graniti. Jiwe pana la chini, jiwe la mkononi juu, mama amepiga magoti anasukuma na kuvuta. Graniti inafaa kazi hii kwa sababu ileile ya mchanganyiko wake, kwatzi ni ngumu na felspa inalika mapema kidogo, kwahiyo uso wake unabaki na mikwaruzo inayokamata punje. Hata hivyo ukisaga sana linalainika, nafaka inateleza badala ya kusagika, hapo linagongwagongwa kwa jiwe jingine gumu kulirudishia makali, na unga wa siku ya kwanza baada ya kugonga ni wa kuangalia maana una vumbi la jiwe. Kwenye miamba mipana ambayo haibebeki watu walisagia palepale, ndo yale mabonde mafupi laini unayoyakuta juu ya mwamba sehemu nyingine, siyo nyayo za mtu yeyote wa kale, ni kazi ya mikono ya akina mama. Mhunzi naye fuawe yake ilikuwa jiwe, kinoo cha kunolea panga ni jiwe, nanga ya mtumbwi jiwe limefungwa kamba. Na mpaka leo visiwani dagaa ikianikwa juu ya mwamba mkavu inatoka safi, ile iliyoanikwa chini kwenye mchanga utaitambua mdomoni.

Kupasua jiwe ndo somo jingine. Watu wanaona wapasuaji wanawasha moto juu ya jiwe kubwa, kuni au matairi chakavu, wanadhani lengo ni kuliyeyusha, hakuna graniti inayoyeyuka kwa tairi. Kinachotokea ni kwamba jiwe halipitishi joto haraka, sentimita chache za juu zinapata moto zinatanuka wakati chini yake bado kubaridi, kwahiyo ganda la juu linajivuta likaachana na mwenzake. Halafu kwatzi ina tabia yake, ikikaribia nyuzi 573 za Selsiasi inabadilika mpangilio wake wa ndani na kuvimba ghafla, inazisukuma chembe za jirani, jiwe linalegea lote pale. Unasikia linalia pwa, pwa, kisha sauti inakuwa nzito. Mpasuaji mzoefu anagonga kwa nyundo anasikiliza, pakitoa mlio mkali bado pamoja, pakitoa mlio wa uwazi ganda limeshaachia, anaingiza mtaimbo hapo anabinua. Kwa jiwe dogo zaidi anatoboa mstari wa vishimo kwa tindo na nyundo kufuata mshipa anaoujua yeye, anapigilia vyuma, jiwe linafunguka lenyewe kwenye mstari. Baada ya hapo mapande yanashuka kwa wagongaji wa kokoto, wengi akina mama wamekaa chini ya mwavuli au turubai, mpira umezungushwa kwenye jiwe dogo ili vipande visiruke machoni, nyundo mkononi kuanzia asubuhi. Nondo na saruji zinatoka mbali, lakini kokoto kwenye nguzo za maghorofa mengi ya mji huu imetoka kwenye mikono hiyo na haisemwi sana. Moshi wa matairi mimi siutetei, unaua mapafu ya mpasuaji kabla ya jirani.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana hapa ile hoja ya udongo inaacha kuwa stori. Mtu anapata kiwanja mlimani, kuna jiwe kubwa juu yake, anauliza fundi hili jiwe linaweza kuporomoka? Fundi anajibu limekaa hapa tangu enzi za mababu halijaenda popote. Jibu ni la kweli na halisaidii, kwa sababu lilikaa na udongo wake. Ukichimba chini yake upate usawa wa kujengea, ukaelekeza maji ya bati lako na ya bafu yapite kwenye kitako chake, umefanya kwa msimu mmoja kazi ile ile ambayo mvua iliifanya kwa maelfu ya miaka. Masika ikija kweli kweli udongo unalegea, jiwe linatafuta pa kukaa, na chini kuna watu wamelala. Cha kuangalia siyo ukubwa wa jiwe, angalia kitako chake. Likiwa limekaa juu ya mwamba mzima, yani jiwe kwa jiwe, mara nyingi lina nafuu. Likiwa limekaa juu ya ule mwamba uliooza unaomong'onyoka kwa vidole, au kuna mfereji wa maji umeanza kuchimba upande wa chini, hapo ita mtaalamu kabla ya kuita fundi. Na usiwashe moto wa kupasulia kwenye jiwe lililobeba jingine, hilo hata mpasuaji mwenye akili timamu anakataa.

Kwenye mawe haya tunaishi na wengine pia. Pimbi wapo tele kisiwani Saanane, na yule mjusi dume wa kichwa chekundu na mwili wa bluu anayepiga pushapu juu ya mwamba jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, mji wetu uko kwenye jina lake. Lakini waliofaidi mawe kuliko wote wako chini ya maji. Mawe hayaishii ufukweni, yanaendelea kushuka ndani ya ziwa, na visiwa vingi vya ghuba ya Mwanza ni vilele vya malundo yaleyale. Katikati ya nyufa hizo wanaishi furu wa mawe, samaki wadogo ambao wavuvi wanawaita mbipi, wanakula ukoga na wadudu wa kwenye mawe na hawapendi kabisa kuvuka eneo la tope, kwahiyo kila lundo la mawe limekuwa nchi yao, wamezaliana humo mpaka wametofautiana na wa lundo la jirani. Ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara walipopandikizwa miaka ya 1950 na 1960, wakaja kulipuka miaka ya 1980, furu wa maji ya wazi wengi walipotea, wa mawe wakapona wengi zaidi maana sangara mkubwa haingii kwenye ufa.

Kuna wawili watafiti wamewafuatilia sana hapa Mwanza, Pundamilia pundamilia ambaye dume lake ni la bluu bluu na linakaa maji ya juu, na Pundamilia nyererei, ndiyo, amepewa jina la Mwalimu, dume lake lina wekundu mgongoni na manjano ubavuni na linakaa chini zaidi. Maji ya ziwa hili yanameza mwanga wa bluu mapema, kwahiyo kadiri unavyoshuka kinachobaki ni mwekundu mwekundu, na kila dume amevaa rangi inayoonekana pale anapokaa. Jike anachagua kwa rangi. Kisiwa cha Makobe ambako maji ni maangavu aina hizo mbili ziko wazi, hazichanganyiki kirahisi. Sasa ule udongo wa milimani haujaacha kushuka, unaendelea kila masika, na tumeuongezea mbolea na maji machafu yanayolisha mwani, maji yanakuwa mazito, rangi hazisomeki. Ukienda Luanso, kusini ndani kabisa ya ghuba ambako maji ni tope, mawe yapo na samaki wapo, ila bluu na nyekundu hawapo kama aina mbili, kuna kundi moja tu, na madume mengi yamebaki na rangi za katikati.